Spishi ya Tatu Nyuma ya Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 3 Machi

Leo mambo yamenyooka. Bwana Funguo anastaafu mwisho wa mwezi. Ndiye msimamizi wa chumba cha mimea mikavu hapa chuoni, na mimi ni msaidizi wake mwaka wa ishirini na moja sasa. Nabandika mimea iliyokaushwa kwenye karatasi ngumu, naandika lebo, napanga kabatini, nafukuza wadudu. Nimemaliza gundi nyingi kuliko mafundi viatu wa mtaa mzima. Kiti chake ni changu. Ni suala la kukaa tu.

Kuna msaidizi wa pili, mwanamke tunayemwita Rula, kwa sababu hatembei bila rula mfukoni. Ana miaka tisa hapa. Mchanga.

Profesa, mkuu wa idara yetu, katuita wote wawili ofisini kwake. Kasema atakayerithi chumba atatoka kati yetu, ila anataka kwanza kuona jicho la kila mmoja. Katutolea sanduku la karatasi sitini na nne za dandelioni. Ndiyo, dandelioni, kile kiua cha manjano kinachoota popote kisipotakiwa, halafu kinageuka mpira wa manyoya meupe na watoto wanaupuliza. Kumbe si mmea mmoja. Ziko spishi chungu nzima zinazofanana kama mapacha, na mle sandukuni zimechanganyika mbili: ya kawaida, na ile ya mbegu nyekundu. Kila mmoja achukue thelathini na mbili, azitenganishe, alete majibu Ijumaa ya wiki ijayo mbele ya wote.

Nimemwambia mke wangu kwamba shindano lenyewe ni la jina tu. Akauliza kama nimeshaambiwa nimeshinda. Nikasema bado. Akaendelea kukunja nguo.

Jumanne, 4 Machi

Asubuhi nzima nimesoma kitabu. Dandelioni ya kawaida ina majani mapana yenye meno kama msumeno uliochoka. Ya mbegu nyekundu ina majani membamba, yaliyokatwakatwa hadi karibu na mshipa wa kati. Halafu kuna vijani vidogo vinavyolishika ua kwa chini: kwa ya kawaida vimepinda kutazama ardhi, kwa mwenzake havipindi hivyo, na kila ncha ina kipembe. Mbegu za moja ni za kahawia iliyofifia, za nyingine ni nyekundu kama tofali. Basi. Mwenye macho anamaliza kabla ya chai.

Tatizo, mimea hii imebanwa ndani ya karatasi miaka mingi. Kilichokuwa kimesimama kimelala, kilichokuwa kimelala kimevunjika. Rula anapima kila jani, anaandika, anapima tena. Hadi saa tisa alikuwa na karatasi nne. Mimi kumi na tisa. Nikapita mbele ya meza yake nikipiga mluzi.

Akaniuliza kwa upole, "Kaka, mbegu umeziangalia kwa lenzi?"

Nikamjibu kwamba mimi Mungu kanipa macho. Kisha nikasubiri aende kunawa mikono, nikachukua lenzi, nikaanza upya kuanzia karatasi ya kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Bahati imenidondokea mapajani. Katika karatasi zangu thelathini na mbili, kumi na moja zina lebo za uongo. Lebo inasema ya kawaida, mbegu ni nyekundu tupu. Nimeangalia kwa lenzi mara tatu. Mara ya nne nilimwita mfagiaji aangalie. Kasema nyekundu.

Lebo hazina jina la aliyeziandika, zina namba tu. Mwandiko ni wa ovyo, herufi zimelala ubavu kama zimelewa, na kila "y" ina mkia wa kuku. Nani humu ndani anaweza kuandika hivi? Bwana Funguo anaandika kwa herufi kubwa. Mimi mwandiko wangu ni wa kistaarabu, kila mtu anausifia. Anabaki mmoja.

 Nilimwangalia tu Rula akichora mstari wake ulionyooka, nikamhurumia. Halafu nikaanza kuandika taarifa.

Ijumaa, 7 Machi

Taarifa imefika kurasa tano. Kichwa chake: "Uzembe Katika Hifadhi Yetu: Nani Atubebee Aibu Hii?" Sijamtaja mtu. Nimesema tu kwamba aliyeandika lebo hizi hawezi kutofautisha dandelioni na kijiko. Nilicheka peke yangu hadi Bwana Funguo akaja kuuliza kama naumwa.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Saa sita nilitoka kutafuta dandelioni hai za kulinganishia. Uwanjani zimejaa, zote za kawaida, zina meno. Nikazunguka nyuma ya chumba cha kufulia cha bweni, pale kwenye uchochoro kati ya kuta mbili ambapo jua halifiki. Hapo, chini ya bomba linalovuja, nikaona dandelioni moja ambayo majani yake hayana meno kabisa. Laini kote, mapana, ya mviringo kama ulimi wa ng'ombe. Ua ni lilelile. Kikonyo ni kilekile, kitupu ndani, kina utomvu mweupe. Ila jino, hata la dawa.

Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni. Spishi ya tatu. Haimo kitabuni. Miaka ishirini na moja nimeandika majina ya watu kwenye mimea, watu waliokufa zamani, na sasa jina langu litatiwa kimkia cha Kilatini na litaandikwa kwenye lebo na msaidizi mwingine, baada yangu, katika chumba kama hiki. Macho yalinilenga machozi. Inawezekana ni sabuni.

Nimeuchimba na mizizi yake yote kwa funguo za nyumbani, nikaubeba ndani ya kofia.

Mama mkwe, ambaye anakaa nasi tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, kaniuliza ni nini. Nikamwambia ni mmea utakaobeba jina langu. Akauliza unafaa kwa nini. Nikasema hauna matumizi, mama, ni wa kisayansi. Akauangalia, akaniangalia.

"Basi mmepatana," akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeupanda kwenye kopo la rangi, nikauweka kibarazani mahali pazuri kuliko pote, jua linapiga tangu asubuhi hadi alasiri. Mke wangu ilibidi ahamishe kamba ya nguo. Kanuna.

Shemeji kapita, mdogo wake mke wangu, fundi simu. Nimemwapisha asimwambie mtu. Kaapa kwa macho yake yote mawili. Kufika saa kumi, muuza duka kanipongeza, mwalimu wa ghorofa ya chini kanipongeza, na mama mmoja nisiyemjua kaniuliza kama mmea huo unatibu mgongo.

Nimesikia kutoka kwa Bwana Funguo, nilipompigia simu kumuuliza kwa mafumbo, kwamba mtu hajipi jina mwenyewe kwenye mmea. Ni aibu. Lazima mwenzake ampe, kwa heshima. Nimepiga hesabu ya wenzangu wanaoweza kunipa, nimepata mmoja. Itabidi nimfanyie Rula wema fulani.

Jumatatu, 10 Machi

Nimempelekea Rula chai mezani. Miaka tisa sijawahi. Kakishika kikombe kwa mikono miwili kama kitu kitakacholipuka, kauliza kama kuna msiba.

Nimebandika tangazo ubaoni: Ijumaa, saa nane, baada ya majibu ya karatasi, nitatangaza jambo ambalo chuo hakijawahi kuliona. Watu wamesimama wakalisoma. Mpishi wa bwalo kauliza kama ni kustaafu. Nikamwambia ni kinyume chake.

Taarifa ya uzembe imefika kurasa tisa. Nimeiongezea kifungu kuhusu watu wanaopima kila kitu na hawaoni kitu. Nimekisoma kwa sauti nikiwa peke yangu stoo. Kinakata maini.

Jumatano, 12 Machi

Maji yamenifika shingoni.

Asubuhi nilienda kibarazani kuusalimia mmea. Katikati ya kichaka cha majani laini yameota majani mapya matatu. Yana meno. Meno ya haki, kama msumeno, kama ya dandelioni zote za uwanjani. Nimeyahesabu, nikapangusa macho, nikayahesabu tena. Mengi zaidi.

Nilikaa juu ya ndoo. Niliwaza kwamba huenda mmea una huzuni. Niliwaza kwamba huenda mtu kaubadilisha usiku, lakini nani apande ghorofa tatu kuiba magugu na kuacha magugu? Mama mkwe alikuwa pale, anaanika goti lake juani. Kasema hata yeye majani yake yalikuwa laini kabla hajaanza kukaa juani na watu.

Nikafanya jambo ambalo naliandika hapa tu. Nilichukua kimkasi cha kucha cha mke wangu nikayakata meno. Moja moja. Saa nzima. Jani linatoa utomvu mweupe, unafuta, unatoa tena. Mwisho majani matatu yakawa laini, kwa mbali. Kwa karibu yanaonekana kama tikiti ya basi iliyotafunwa.

Ofisini niligundua kwamba utomvu ule ukikauka unakuwa kahawia, na hautoki. Sabuni, limau, spiriti, hautoki. Vidole vyangu vyote kumi vinafanana na vya mvuta tumbaku wa miaka hamsini. Nimefanya kazi siku nzima na glavu. Nimesema ni upele.

Alhamisi, 13 Machi

Rula kanifuata stoo, kafunga mlango nyuma yake. Kasema kwa sauti ya chini kwamba hataki kuniingilia, lakini amesikia habari za mmea, na nyuma ya chumba cha kufulia anapafahamu.

"Kaka, dandelioni ikikosa jua majani yake yanakuwa laini. Ukiipeleka juani inarudisha meno. Ni ileile ya kawaida. Mimi pia iliwahi kunidanganya, mwaka wangu wa kwanza."

Nikamuuliza kwa ubaridi kama kuna ushahidi. Akatoa daftari lake. Mle ndani kabandika majani mawili ya mmea mmoja, moja la kivulini na moja la juani, na chini yake vipimo vya wiki nane. Kisha akaangalia glavu zangu. Hakuuliza. Akasema tu kwamba kama ningependa, ningeweza kulitoa lile tangazo ubaoni leo, na yeye hajaona kitu.

Alipoondoka nilitafakari sana. Nikafikia uamuzi kwamba ananionea wivu. Mtu anayekaribia kushindwa hukuletea daftari. Nikaliangalia tangazo langu, nikalipigia mstari mwekundu chini.

Mke wangu kaniambia baada ya chakula kwamba kimkasi chake kimeganda hakifunguki. Nikasema siku hizi vitu vya dukani havina ubora.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa chini ya shuka, saa kumi na moja jioni, jua bado linawaka. Sitaki kuonana na mtu.

Walikuja wengi. Profesa, Bwana Funguo, wahadhiri wanne, mfagiaji, mpishi na wapishi wake. Shemeji kafunga kibanda chake akaja na shati jeupe.

Kwanza majibu. Profesa alipitia karatasi za Rula, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapitia zangu, polepole, kwa lenzi. Zote thelathini na mbili. Akasema, "Hakuna kosa hata moja." Bwana Funguo akanipiga bega. Nilikuwa na chumba mkononi. Ningekaa chini wakati ule, ningekufa msimamizi.

Sikukaa. Nilifunua kitambaa nikawaonyesha kopo la rangi. Nikaeleza kuhusu spishi ya tatu, isiyo na meno. Profesa akainama na lenzi yake. Akakaa ameinama muda mrefu sana.  Hatimaye akauliza bila kuinua uso:

"Spishi hii inazaliwa na mkasi, au inanunua?"

Mpishi ndiye aliyeanza kucheka. Profesa akaniomba nivue glavu. Nikavua. Shemeji, kwa nia njema, akasema kwa sauti kwamba huo ni upele.

Mwenye akili angetafuta mlango. Mimi nilitafuta njia ya kuokoa heshima, nikatoa taarifa ya kurasa tisa. Nikasema kwamba yawezekana nimeteleza kwenye mmea mmoja, lakini kuna mtu humu kawadanganya watu kwa karatasi kumi na moja. Nikasoma. Nilisoma yote, pamoja na kijiko. Nilipofika kwenye kifungu cha wapimaji nilimtazama Rula. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilipomaliza, Bwana Funguo aliinuka, akaenda kabatini akaleta daftari la mapokezi, lile kubwa lenye jalada la kitambaa. Akafungua. Akasema sanduku hili liliandikiwa lebo na msaidizi mpya, mwezi wake wa pili kazini. Akaligeuza daftari nione. Palikuwa na sahihi. Ile "y" yenye mkia wa kuku ilikuwa katikati ya jina langu.

Ni kweli. Mwandiko nilibadilisha mwaka niliooa, ili nionekane mtu mzima. Wa zamani nilikuwa nimeusahau kabisa.

Nilitamani sakafu ipasuke. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Kisha Rula akasimama. Akasema lebo za mwaka ule ziko nyingine nyingi kabatini, na yeye huzikuta mara kwa mara. Akikuta, hubandika kikaratasi cha masahihisho kwa penseli na kurudisha. Amefanya hivyo miaka sita. Profesa akamuuliza kwa nini hakumwambia mtu. Akasema hakuona sababu ya kumwaibisha mtu kwa makosa ya mwezi wake wa pili.

Nilitoka na kopo langu mkononi. Nyumbani mama mkwe alinitazama nikiingia. Akaenda kunichemshia maji ya kunawa, na goti lile.

Jumatatu, 17 Machi

Funguo za chumba kapewa Rula. Ni haki. Nimeandika "ni haki" mara tatu kwenye karatasi ya pembeni, na ya tatu iliandikika bila kuuma.

Profesa aliniita peke yangu. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuacha kazi, yana machozi kidogo mahali panapostahili. Hakunipa nafasi. Kasema jicho langu ni zuri kuliko yote aliyoyaona humu, na kinachoniharibia ni kilicho juu yake. Kasema Rula ameomba nibaki naye, na nishike kazi ya kulinganisha mimea hai, spishi kwa spishi, mwaka mzima.

Nilimkuta Rula anafuta meza ya Bwana Funguo. Nikamwambia, "Dada, nisamehe."  Akasema yamepita. Akanionyesha meza yangu mpya, ile ya dirishani, yenye mwanga. Alikuwa ameshahamishia lenzi pale.

Nilifungua kabati moja nikatafuta lebo zangu za zamani. Kila iliyokuwa na kosa ilikuwa na kikaratasi cha penseli, kimekatwa sawasawa kwa rula. Kimoja kilikuwa kimeandikwa: "Ulikaribia kupatia. Jani limedanganya." Nilikisoma mara nyingi.

Nimemwambia mke wangu kila kitu, pamoja na kimkasi. Kasema kimkasi alikijua tangu Jumatano, alikuwa anasubiri tu. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo mimi ni mtu wa kuangalia, kupima, kuuliza, ndipo niseme. Nimeshika masikio yote mawili. Kalala na tabasamu.

Ijumaa, 21 Machi

Siku nne za unyenyekevu. Nimeona ni rahisi, na naamini nina kipaji nacho kuliko wengi.

Leo Rula kanituma jengo la kule nyuma kuchukua gundi. Natembea zangu, nimeinamisha kichwa kama mtu aliyebadilika. Nikainua macho kwenye mfereji wa bati wa jengo lile. Imeota dandelioni pale juu, imechanua. Ua lake ni jeupe.

Nimeangalia kwa makini, kama nilivyoahidi. Mafundi rangi wanaopiga chokaa ukuta wa jengo hilo wiki hii walikuwa wameenda kula, nikaazima ngazi yao nikapanda. Jeupe, petali zote, weupe mzito. Cha kushangaza zaidi, hata majani yana madoa meupe, na kikonyo upande mmoja. Jambo hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma. Nimepima: sentimita kumi na nne. Nimeuliza pia: nimemuuliza shemeji kwa simu, kasema hajawahi kuona kitu kama hicho.

Rula sijamwambia. Atataka kuleta daftari. Barua kwa Profesa iko tayari, kurasa nne, na nafasi ya jina nimeiacha wazi kwa adabu, ila nimeiacha ya urefu wa jina langu.